Mti wa Kwanza Kando ya Barabara

Kaka yangu alikuwa anaandika "Umeona?" chini ya kila hesabu aliyonifanyia. Haandiki "jibu", hapigi mistari miwili kama walimu. Anaandika "Umeona?" halafu alama ya kuuliza, kubwa, imejikunja kama sikio la mtu anayesubiri umjibu.

Daftari lenyewe ni kaunta buku nene la jalada jeusi. Mimi nilikuwa darasa la saba pale Makambako. Yeye shule alishaacha, anafanya kazi yadi ya mbao: anapima, anakata, anapanga, anapakia kwenye malori. Akirudi jioni nyusi zimejaa unga wa mbao, ananawa, anakaa, ananakili mafumbo ya hesabu kutoka kwenye karatasi za mitihani ya zamani alizoomba kwa watu. Mafumbo ndiyo yale maswali ya maneno: tenki lina mabomba mawili, treni imeondoka saa fulani, mkulima ana magunia. Anayafanya moja moja kwa kalamu ya bluu ili asubuhi nikiamka niyakute. Kuna kurasa zimegandana kwa utomvu wa misindano, ile miti ya mbao, uliokuwa mikononi mwake. Ukizibandua zinatoa sauti kama mtu anayefungua mdomo mkavu.

Nilifaulu. Kidato cha pili nikaacha, maana mwaka huo magogo yaliporomoka kwenye lori akiwa chini yake, na baada ya hapo nyumbani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuniuliza kwa nini sijavaa yunifomu. Kwa hiyo hesabu ninazojua sikufundishwa na mtu mwingine. Nimezitoa kwenye lile daftari, nalisoma na kulirudia miaka yote hii, mpaka nikawa nikisoma swali namsikia anakohoa kidogo kabla ya kuanza kueleza. Sisemi kama mfano. Namsikia. Kikohozi kimoja kifupi, halafu: "Acha namba kwanza. Huyu mtu anataka nini?"

Nilipohamia Njombe kwa mama mdogo, kule Yakobi, ndipo nikaanza kuwafundisha watoto. Sikupanga. Mtoto wa jirani alikuwa analia na fumbo la tenki, nikamfanyia, kesho akaja na wenzake wawili, wiki iliyofuata wakawa tisa. Jumamosi mchana, kwenye kibaraza. Baridi ya Njombe mwezi wa saba haina mchezo, ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita, kwa hiyo nikaweka sheria moja tu: kila anayekuja anakuja na mkaa wake kidogo, tunauchanganya kwenye jiko moja, tunakaa tumelizunguka. Walikuwa wanauleta mifukoni. Sweta zote za shule zina mifuko myeusi.

Na nilikuwa nawafundisha kama yeye. Nikisoma fumbo wanafumba macho, halafu nauliza, "Mnamwona nani?"

"Namwona mtu anajaza tenki, ticha."

"Anafanya nini kingine?"

"Kuna bomba lingine linatoa maji."

"Sasa huyo si mjinga?" mwingine anadakia. "Si aliziba kwanza?"

"Fundi hayupo, kaenda Songea."

"Basi tenki halijai leo wala kesho, andika sifuri twende nyumbani."

Wanacheka, na mimi nacheka, na katikati ya kicheko nakisikia kile kikohozi pembeni yangu, upande wa kushoto alikokuwa anapenda kukaa. Sikuwahi kumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mama mdogo angeniitia mchungaji aje na wazee wa kanisa.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la saba, anaishi na bibi yake kule mwisho wa Yakobi kwenye mashamba. Mwembamba, sauti nene kuliko mwili wake. Huyu alikuwa mkali wa mafumbo kuliko wote, na alikuwa na shida moja iliyonifanya nimpende na kumwogopa hapohapo: hakubali kitu mpaka akione. Bibi yake alishaniambia kanisani kwamba mtoto anataka kwenda sekondari na kinachomwangusha ni hesabu za kuandika haraka bila kufikiri. "Huyu wa kwangu anafikiri sana," bibi akasema, kama anayeelezea ugonjwa. "Msaidie afaulu. Mimi nimebaki naye tu." Nikaahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Jumamosi moja nikafungua ukurasa wa miti.

Fumbo linasema hivi: shule inapanda miti kando ya barabara iliyonyooka, kuanzia geti la shule mpaka lango la kanisa, mita mia moja na ishirini. Mti na mti inaachana mita tatu. Miti mingapi inahitajika? Kaka yangu aligawanya mia moja na ishirini kwa tatu. Miti arobaini. Umeona?

Nikaandika ubaoni, yaani kwenye kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi. Wote wakanakili. Yule binti hakunakili.

"Wewe vipi?"

"Mi sijaona, ticha."

"Hujaona nini? Mia na ishirini gawanya kwa tatu."

"Nimegawanya. Na ule wa kwanza?"

"Wa kwanza upi?"

"Wa getini." Akasimama, akaonyesha kwa mikono. "Mwezi wa kwanza tunapanda misindano na bibi. Bibi akifika anapanda mti kwanza, hapohapo anaposimama. Ndio anavuta kamba mita tatu, anapanda mwingine. Kamba ya kwanza ikiisha tayari una miti miwili. Kwa hiyo ni arobaini na moja."

Sasa naomba mnielewe. Mimi ni mtu wa Makambako. Mti nilikuwa naujua ukishalala, umemenywa, unasubiri lori. Sijawahi kupanda hata mmoja. Na aliyeandika lile jibu ndiye aliyekuwa anakesha ili mimi nifaulu.

"Hapa hatupo shambani kwa bibi yako," nikasema.

Wenzake wakacheka. Hapo ndipo nilipoharibu, maana yule binti akichekwa haongei kidogo.

"Basi aliyeandika hilo daftari hajawahi kupanda mti," akasema. "Anadanganya watu."

Hata sikumbuki kunyanyuka. Nakumbuka daftari lake likiruka, likienda kuangukia kwenye tope la uani, na sauti yangu ikisema maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtoto. Kwamba hana adabu. Kwamba atafeli, atabaki kushika kamba ya bibi yake mpaka azeeke. Kwamba aliyeandika yale alikufa akiwa na akili kuliko ukoo wao mzima. "Toka! Usirudi hapa!"

Akaenda kuokota daftari. Alilifuta kwa sweta, ukurasa kwa ukurasa, taratibu, wote tukiwa tunamwangalia. Hakulia. Akaondoka na njia ya mashambani, ukungu ukammeza kabla hajafika kwenye michongoma. Mkaa wake ulikuwa bado unawaka kwenye jiko letu.

Nikageukia upande wangu wa kushoto. Unajua nilikuwa nategemea nini? Nilikuwa nategemea anipongeze.

Kimya.

Wiki ya kwanza nikasema atarudi. Ya pili nikasema shauri yake. Ya tatu nikaanza kufungua ule ukurasa kila nikiosha vyombo, kila nikisubiri maji yachemke, na kila nikiufungua nilikuwa naona kitu kilekile: arobaini, Umeona?, na lile sikio limejikunja linasubiri. Zamani nilikuwa najibu "nimeona" kwa sauti, peke yangu, kama mjinga. Sasa mdomo haufunguki.

Ningeweza kuchukua vijiti arobaini na kamba nikajaribu uani. Dakika kumi tu. Sikufanya. Mtu asiyetaka kujua ana kazi nyingi sana za ndani.

Mwezi wa nane mama akapiga simu kutoka Makambako, wanataka kuzungushia uzio kaburi la kaka yangu, mbuzi wa watu wanapanda juu. Nikaenda. Tulikuwa mimi, mama na mjomba. Mjomba ana sululu na mdomo, sijui kipi kikali zaidi.

"Wewe si ndiye wa hesabu?" akaniuliza. "Urefu mita tatu, upana mita mbili, nguzo kila baada ya mita moja. Sema nguzo ngapi nikakate."

Tatu na mbili na tatu na mbili ni kumi. Nikasema kumi. Kwa njia ya kaka yangu, ile ya ukurasa wa miti: chukua urefu, gawanya.

Tukaanza upande wa kichwani kushuka chini, ubavu mrefu. Mjomba akasimika nguzo, akapima mita moja, akasimika, akapima, akasimika, akapima, akasimika. Akajinyoosha mgongo.

"Mita tatu," akasema. "Hebu hesabu nguzo, ticha."

Nne.

"Nne, mjomba."

"Mita tatu nguzo nne, na wewe unasema kumi zitatosha? Ndio mnavyowafundisha watoto wa watu huko Njombe?" Akacheka peke yake. Mama hakucheka, alikuwa ananiangalia mimi. Nilikuwa nazihesabu tena, moja moja, kwa kidole.

Maana nilikuwa nimesimama juu ya kaka yangu, na zile nguzo nne zilikuwa zinamwambia kwamba amekosea. Ule wa kwanza upo. Umesimama pale kabla ya kamba kuvutwa. Mtoto wa darasa la saba aliuona, mimi nikamtupia daftari kwenye tope.

"Ongeza nguzo basi," nikasema.

"Subiri kwanza," mjomba akasema.

Upande wa chini zikaingia mbili. Ubavu wa pili tatu. Zimefika tisa, imebaki moja, ya kumi, mkononi na upande mmoja wa mita mbili. Akaisimika katikati. Mita ya mwisho ikaenda kugusa ile nguzo ya kwanza kabisa. Basi. Kumi kamili, haikubaki wala haikupungua.

"Kumbe uko sawa," mjomba akasema, hana hata aibu. "Uzio ukizunguka, wa mwisho anamkuta wa kwanza."

Njia nzima ya kurudi Njombe nilikuwa namtetea. Mimi siwezi kumwacha mtu wangu. Nikasema labda barabara yake ilikuwa inazunguka. Labda alifikiria miti inauzunguka uwanja wa kanisa. Kwenye kuzunguka alikuwa sawa, si nimeona kwa macho yangu? Nikafika nyumbani, nikafungua ukurasa nikiwa bado na kitenge cha safari kiunoni. "Kando ya barabara iliyonyooka, kuanzia geti la shule mpaka lango la kanisa." Kwa mwandiko wake mwenyewe. Imenyooka. Hairudi ilikoanzia.

Kwenye kaburi alikuwa sawa. Kwenye barabara alikosea. Na mimi nilikuwa nimemfukuza mtoto wa watu kwa ajili ya barabara.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki mbili.

Nilimkuta bibi yake anachambua mbegu za viazi mlangoni. Nikamsalimia, "Kamwene, bibi." Akaitikia, akaendelea kuchambua. Sikukaribishwa kiti. Nilistahili.

"Mjukuu wangu ameacha hesabu," akasema bila kuniangalia. "Shuleni wamefanya jaribio, kuna swali la nguzo za umeme. Amelipita, halijaguswa. Mwalimu wake amekuja mpaka hapa kuniuliza mtoto anaumwa? Mimi nikasema sijui. Umemfanya nini?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo, bibi."

"Yuko nyuma."

Alikuwa anaosha viazi kwenye beseni. Akanipa shikamoo ya kufundishwa. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, maji yamekuwa ya udongo, mikono yake imekuwa myekundu kwa baridi.

"Lile swali la nguzo," nikasema. "Kwa nini umeliacha?"

Akaendelea kusugua kiazi.

"Unalijua au hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

Akatoa kiazi, akakirudisha. "Wenzangu waliniambia yule marehemu mwenye daftari ni nani. Ni kaka yako. Mi nilisema anadanganya watu. Nimemsema maiti vibaya, dada. Tangu siku ile nikikuta swali la kupanga vitu kwenye mstari, namwona amesimama mwanzoni. Pale kwenye wa kwanza. Ananiangalia, anangoja niandike. Nikimhesabu nimemdharau tena. Nisipomhesabu nakosa swali. Kwa hiyo naacha."

Miaka yote nilidhani yuko kwangu tu, upande wangu wa kushoto. Kumbe nilimtupa pamoja na daftari la yule binti, akamfuata mtoto wa watu mpaka darasani.

Kulikuwa na neno moja la kusema na sikuwahi kuruhusu mtu yeyote aliseme mbele yangu. Nimeshapigana na binamu yangu mwenyewe kwa kusema kaka yangu alikuwa mzembe kwenye yale magogo. Nikafungua mdomo, ukakauka. Binti akawa ananisubiri, viazi mkononi.

"Alikosea," nikasema.

"Nani?"

"Kaka yangu. Alikosea. Ni arobaini na moja. Wewe uliona, yeye hakuona, na mimi sikutaka kuona. Hukumdharau. Mimi ndiye niliyekudharau wewe. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Watoto si kama kwenye mahubiri. Akarudisha viazi majini, akauliza, "Umekuja nalo lile daftari?"

Nilikuwa nalo, nimelifunga kwenye kitenge. Akafuta mikono vizuri sana, mbele na nyuma. Nikamfungulia ukurasa. Akausoma wote, mpaka ile "Umeona?", na mdomo wake ulikuwa unatembea.

"Ameandika vizuri," akasema.

"Eeh."

"Sisi tukikosea shuleni tunasahihishiwa. Yeye nani atamsahihishia?"

Nikampa kalamu. Akakataa, akataka penseli. Nikamwambia, hapana, kalamu, kaka yangu hakuwa mtu wa penseli. Basi akaandika pembeni, kidogo, kwa herufi za mtoto aliyebana pumzi: *41, na ule wa getini*. Hakukata ile arobaini. Aliiacha ilivyo. Mimi nililia, nikasingizia moshi wa jikoni, na bibi kutoka mlangoni akasema kwa sauti kwamba leo hajawasha moto.

Zile Jumamosi mbili zilizobaki alikuja, na mkaa wake. Hatukuliongelea tena. Na niseme ukweli uliobaki: tangu ile kalamu iguse ule ukurasa sijakisikia kile kikohozi. Nafundisha, nasoma fumbo, watoto wanafumba macho, mimi nageuza sikio kushoto, hakuna kitu. Kuna siku namkasirikia kwa kuondoka kirahisi hivyo. Kuna siku nafungua daftari ukurasa hadi ukurasa natafuta kosa lingine, na sijui naomba nilipate au nisilipate.

Siku walipomaliza mtihani binti alipitia kwangu moja kwa moja, sweta kaifunga kiunoni, anahema.

"Hakukuwa na swali la miti," akasema.

"Hata la nguzo?"

"Hata la nguzo. Lilikuwepo la ubao. Ubao mmoja unakatwa vipande sita vinavyolingana, kila kukata ni dakika mbili, je, zitatumika dakika ngapi. Wenzangu wote wameandika kumi na mbili."

"Na wewe?"

"Kumi."

Nikakaa chini. "Umejuaje? Wewe umewahi kukata mbao?"

"Sijawahi." Akaangalia pembeni kidogo, kama anayeogopa nitapandisha hasira. "Nilifumba macho, nikamwona kaka yako anakata. Nikawa namwangalia tu. Alikata mara tano, akaweka msumeno chini."

Nikamuuliza alikuwaje, alikuwa amevaa nini, alionekana mzima.

"Sijaangalia nguo, dada," akasema. "Nilikuwa nahesabu."